Ada ya kila siku kwenye bili ya nishati Uingereza: kwa nini nyumba iliyofungwa inadaiwa?

SWALI: Naishi Leicester peke yangu, chumba na sebule, na natumia mita za kulipia kabla, moja ya umeme na moja ya gesi. Oktoba 2025 nilikwenda msibani Tanga, nikakaa wiki sita. Nilizima kila kitu isipokuwa friji. Niliporudi Novemba umeme ulikuwa umekatika na mita ya gesi inaonyesha deni. Kampuni inasema ni ada ya kila siku. Kwetu Tanzania sevisi chaji iliondolewa zamani, mtu analipa anachotumia. Je, ni haki kunitoza nishati ambayo sikuitumia? Na nifanye nini yasinikute tena?

JIBU: Dada, pole sana kwa msiba. Mita yako haikukosea. Kwa Oktoba hadi Desemba 2025, ukomo wa bei wa Ofgem, mdhibiti wa nishati huko, uliruhusu ada ya wastani wa peni 53.68 kwa siku kwa umeme na peni 34.03 kwa siku kwa gesi, kabla hujawasha hata taa moja. Jumla ni peni 87.71. Siku 42 zinafanya pauni 36.84. Friji ya kawaida hula kati ya nusu uniti na uniti moja kwa siku. Tukikadiria uniti 0.7 kwa peni 26.35, ni pauni 7.75 nyingine. Kwa hiyo nyumba iliyofungwa ilikudai karibu pauni 45, na zaidi ya asilimia 80 ya pesa hiyo si ya umeme wala gesi. Kwa mwaka mzima, kwa viwango hivyo, ada hizi mbili peke yake zingekaribia pauni 320.

Namba zako zitatofautiana kidogo na hizi. Ukomo hubadilishwa kila miezi mitatu, na ada ya umeme hupangwa kwa maeneo 14. London hulipa ndogo kuliko wote, Merseyside na Wales Kaskazini wako juu kabisa. Kwenye bili ada hii huandikwa standing charge. Hapa nitaiita ada ya kudumu.

Swali la haki halina jibu moja, kwa sababu ndani ya ada hii vimefungwa vitu vya aina mbalimbali, na haki ya kimoja si haki ya kingine.

Kuna mita yenyewe, usomaji na ukarabati wake, mfumo wa malipo, na watu wanaopokea simu. Gharama hizi hazipandi ukichemsha chai mara tatu badala ya mara moja. Mwenye fremu Kariakoo hudai kodi hata mwezi ambao mpangaji hakuuza kitu, maana fremu ilikuwa mikononi mwake. Sehemu hii naitetea: nyumba yenye mita igharimie mita yake, iwe na mtu au haina.

Kuna nguzo, nyaya na vituo vya kupozea umeme, na hapa ndipo mzigo mkubwa ulipo. Kampuni za mtandao zinaruhusiwa na Ofgem kukusanya kiasi maalumu cha mapato kila mwaka. Sehemu hukusanywa kwa tozo zinazofuata matumizi, hasa ya saa za msongamano. Kinachobaki lazima kigawanywe kwa wateja kwa kanuni fulani. Zamani sehemu kubwa ya baki hilo iligawanywa kwa uniti. Uamuzi wa Ofgem wa 2019 ulilihamishia kwenye ada ya kudumu, kuanzia Aprili 2022 kwa nyaya za usambazaji na Aprili 2023 kwa njia kuu za msongo mkubwa. Sababu yao ilikuwa na uzito. Mwenye paneli za sola hununua uniti chache, lakini jioni ya Januari anategemea waya uleule wa jirani yake. Alipokwepa uniti alikwepa na mchango wa waya, na mchango huo ukamwangukia mpangaji asiye na paa lake la kuweka paneli.

Kasoro iko kwenye kugawa. Biashara ziliwekwa kwenye madaraja kwa ukubwa wake. Kila kundi la biashara lina madaraja manne. Nyumba za kuishi zote zikawekwa daraja moja. Wewe na mwenye jumba la vyumba vinane, lenye bwawa la maji moto na chaja mbili za magari, mkiwa eneo moja mnalipa baki hilo sawasawa, peni kwa peni. Wazee wetu wanaijua tozo ya namna hii kwa jina la kodi ya kichwa. Haikuulizi una nini, inakuuliza upo au haupo. Wala si kwamba hakukuwa na njia nyingine. Ufaransa mteja huchagua nguvu ya laini yake, kVA 3, 6, 9 na kuendelea, na ada yake hufuata chaguo hilo, hivyo mwenye chumba kimoja halipi sawa na mwenye jumba.

Halafu kuna madeni ya kampuni zilizoanguka. Bei ya gesi ilipopaa katikati ya 2021, kampuni karibu 30 za kuuza nishati zilifilisika. Wateja wao walihamishiwa kwingine na salio lao likalindwa, jambo jema kabisa. Lakini gharama ya kulinda salio hizo, pamoja na ya kuwanunulia wateja hao nishati kwa bei ya moto ya wakati ule, ilitandazwa kwa nyumba zote kupitia ada ya kudumu. Hiyo, pamoja na lile baki la mtandao, ndiyo sababu kubwa ya ada ya umeme iliyokuwa kama peni 25 kwa siku kuruka hadi peni 45 Aprili 2022, kisha kufika peni 60 Aprili 2024. Nyaya hazikuongezeka maradufu ndani ya miaka miwili. Kilichoongezeka ni vitu vilivyopakiwa juu ya ada.

Na kuna misaada. Punguzo la majira ya baridi la pauni 150, lijulikanalo kama Warm Home Discount, halitoki hazina ya serikali. Linatoka kwenye bili. Majira ya baridi ya 2025 lilipopanuliwa kwa wote wanaopokea ruzuku zinazopimwa kwa kipato, gharama ya upanuzi huo iliingizwa kwenye ada ya kudumu, na ni sababu mojawapo ya ada kupanda Oktoba. Hili linawagusa watu wetu wengi kuliko wanavyojua. Mwenye viza inayomnyima fedha za umma hawezi kupata ruzuku hizo, kwa hiyo punguzo halimfikii, hata kama kipato chake ni kidogo kuliko cha anayelipata. Lakini ada iliyoligharimia majira hayo aliilipa kila siku, sawa na kila mtu. Katika yote yaliyowahi kuwekwa kwenye ada hii, hilo ndilo naona gumu kulitetea kuliko mengine.

Umetaja Tanzania. Ni kweli, Aprili 2016 EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, iliifuta sevisi chaji ya shilingi 5,520 kwa wateja wa daraja T1, yaani wa matumizi ya kawaida, ile iliyokatwa kila mwezi kwenye ununuzi wa kwanza. LUKU, Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, ikafanana na jina lake. Lakini waulize ndugu zako Tanga wakuonyeshe makato ya tokeni za leo. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humohumo, na tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, anunue umeme wa elfu mbili au wa laki moja. Si ya TANESCO, shirika la umeme, lakini kwa mnunuzi mdogo athari yake ni ileile: ada ya kudumu imetoka mbele, imerudi kwa mlango wa uani. Kinachomlinda hasa mtumiaji mdogo Tanzania ni daraja D1, uniti 75 za mwanzo kwa shilingi 100 kila moja.

Kenya ina funzo kali zaidi. Agosti 2018 ada ya shilingi 150 kwa mwezi ilifutwa, watu wakashangilia. Lakini siku hiyohiyo bei za uniti zilipangwa upya. Kabla ya hapo uniti 50 za kwanza zilikuwa shilingi 2.50 kila moja. Baada yake, bei mpya ya unafuu iliwekwa kwa wasiozidi uniti 10 kwa mwezi, na wengine wote wakaanza kulipa shilingi 15.80. Chukua nyumba ya uniti 30, ukiacha kodi na tozo za mafuta. Zamani ilikuwa shilingi 75 za uniti na 150 za ada, jumla 225. Bei mpya ikafanya shilingi 474. Kelele zilikuwa kubwa, na Novemba mwaka huohuo kiwango cha unafuu kikapandishwa hadi uniti 100 kwa shilingi 10. Kwa hiyo mtu akikuambia ada imefutwa, muulize kwanza uniti imekuwa bei gani.

Tuifanyie Uingereza hesabu hiyohiyo, kwa bei zile za mwishoni mwa 2025. Nyumba ya matumizi ya wastani kwa makadirio ya Ofgem ya wakati huo ilitumia uniti 2,700 za umeme kwa mwaka. Ada ya umeme ilikuwa pauni 195.93 kwa mwaka. Ukiifuta na kuitawanya kwenye uniti 2,700, kila uniti inapanda kwa peni 7.26, yaani kutoka 26.35 hadi 33.61. Mtu kama wewe anayetumia tuseme uniti 1,500 kwa bei hizo analipa pauni 591. Ada ikifutwa angelipa 504, ameokoa pauni 87. Sasa mwangalie mama mwenye watoto wanne katika fleti isiyo na gesi, anayepasha joto kwa umeme na kutumia uniti 4,500. Kwa bei hizohizo analipa pauni 1,382. Ada ikifutwa analipa 1,512, amepoteza 130. Huyu si tajiri. Vivyo hivyo mgonjwa mwenye mashine ya oksijeni nyumbani, au mzee anayeshinda ndani mchana kutwa na hita imewashwa.

Hiyo ndiyo sababu Ofgem, baada ya kuuliza wananchi mwishoni mwa 2023 na kupata majibu makumi ya maelfu, haikuifuta. Kwa wastani maskini hutumia kidogo, kwa hiyo kwa wastani angefaidika. Lakini wastani huo umewafunika maskini wenye matumizi makubwa, na wao ndio wenye uwezo mdogo kabisa wa kupunguza.

Maoni yangu ni haya. Mita na huduma yake zibaki kwenye ada ya kudumu. Misaada na hasara za kampuni zilizofilisika zihamishiwe kwenye kodi ya taifa, ambako mwenye kipato kikubwa huchangia zaidi. Baki la mtandao ligawanywe kwa madaraja ya nyumba, kama lilivyogawanywa kwa biashara. Nguvu ya fyuzi kuu ingeweza kuwa mwanzo, ingawa si kipimo kizuri peke yake, maana nyumba nyingi ndogo za Uingereza zina fyuzi ya ampia 80 au 100 sawa na kubwa, na wenyewe hawakuichagua. Ningetegemea zaidi daraja la thamani ya nyumba linalotumika tayari kwenye kodi ya halmashauri. Ada ikipunguzwa kwa njia hii, mwenye chumba kimoja anapata nafuu bila mgonjwa wa oksijeni kuongezewa mzigo.

Hadi hapo patakapofikiwa, mambo ya kufanya ni haya.

Kabla ya safari, hesabu siku utakazokosekana, zidisha kwa jumla ya ada zako mbili, ongeza friji, kisha ongeza deni. Hilo la mwisho ndilo wengi husahau: kama mita ina deni la zamani linalokatwa kwa wiki, linaendelea kukatwa ukiwa safarini. Deni la pauni 5 kwa wiki ni pauni 30 kwa wiki sita, na likijumlishwa na zile 45 za juu unahitaji kuacha pauni 75. Ipigie kampuni simu uombe kiwango cha makato kipunguzwe. Wanapaswa kuzingatia uwezo wako wa kulipa, na kwa mita janja (smart meter) hukibadilisha wakiwa ofisini. Kama huna pesa ya kuacha yote, toa kila kitu kwenye friji, izime na uache mlango wake wazi. Umeme ukikatika hakuna kitakachooza. Ada itaendelea kuhesabiwa, lakini utaikuta kama deni tu.

Usitegemee mkopo wa dharura wa mita wala muda wa usiku na wikiendi ambao mita haikati. Vyote viwili huzuia giza, havizuii ada. Ukirudi, mita hudai kwanza mkopo wa dharura pamoja na ada zilizolimbikizwa, ndipo uanze kuona salio. Ndiyo sababu mtu huweka pauni 10 na taa haziwaki. Wakati huo usiendelee kuongeza pauni tano tano. Soma kwenye kioo cha mita kiasi kinachodaiwa, kisha ipigie kampuni uombe deni ligawanywe kwa makato madogo ya kila wiki. Kama huna kitu kabisa, omba mkopo wa ziada wa msaada, ambao kampuni inatakiwa kuutoa kwa mteja aliye katika hali ngumu.

Gesi ina mtego wake wa kiangazi. Kuanzia Mei hadi Septemba wengi hawawashi hita, hawaongezi salio, na mita inahesabu kimya kimya. Siku 153 kwa peni 34.03, ada ile ya mwishoni mwa 2025, ni pauni 52. Baridi ya kwanza ya Oktoba mtu anaweka pauni 20, zote zinamezwa, na nyumba inabaki barafu. Kwa ada kama hiyo, weka pauni 10 au 11 kila mwezi wa kiangazi hata kama jiko halijawashwa.

Kama unapika kwa umeme na hita yako ni ya umeme, mita ya gesi inakutoza bila kazi; kwa ada ya mwishoni mwa 2025 ni pauni 124 kwa mwaka. Unaweza kuiomba kampuni iiondoe. Uliza kwanza kama kuna gharama ya kuiondoa, na kwa kuwa umepanga, pata idhini ya mwenye nyumba kwa maandishi. Kuifunga valvu tu hakusaidii. Ada hufuata mita, na madhali mita ingalipo kwenye kumbukumbu za kampuni, inahesabiwa.

Kuhusu mipango yenye ada ndogo, Septemba 2025 Ofgem ilipendekeza kila kampuni iwe na angalau mmoja. Usidanganywe na neno "ndogo"; uniti zake ni ghali zaidi. Chukua tofauti ya ada kwa mwaka, igawe kwa tofauti ya bei ya uniti. Mfano: ada ikipungua kwa peni 20 kwa siku ni pauni 73 kwa mwaka. Uniti ikiongezeka kwa peni 4, gawa 73 kwa 0.04, unapata uniti 1,825. Ukitumia chini ya hapo umefaidika, ukizidi umepoteza. Anayetumia uniti 1,300 anaokoa pauni 21, wa 3,000 anapoteza 47. Matumizi yako ya mwaka yameandikwa kwenye taarifa ya kampuni. Ipo pia mipango isiyo na ada kabisa ila yenye uniti za ngazi mbili, uniti chache za mwanzo wa siku zikiwa ghali na zinazofuata nafuu. Hii inamfaa msafiri, maana nyumba tupu karibu hailipi kitu. Kwa anayeshinda nyumbani kila siku, zile uniti za mwanzo zinafanya kazi ya ada ileile. Ngazi hizi zilibuniwa kwa sababu ukomo wa Ofgem ni mstari unaoanzia kwenye ada ya nyumba isiyotumia kitu na kupanda kwa uniti. Ukifuta ada na kupandisha bei ya uniti zote kwa mkupuo, mtumiaji mkubwa anavuka mstari huo.

Kama mnaishi nyumba ya pamoja na bili iko kwa jina la mwenye nyumba, haruhusiwi kuwauzia nishati kwa faida. Anaweza kugawa uniti na ada ya kudumu kwa bei aliyolipa yeye, kila mmoja kwa sehemu yake. Dai kuona bili. Na kama unastahili lile punguzo la pauni 150, kwa England na Wales jina lako au la mwenzi wako lazima liwe kwenye akaunti ya umeme tarehe ya kufuzu, ambayo huwa ndani ya Agosti. Wengi hulikosa kwa sababu hiyo tu.

Mwisho, hakiki kwamba ada unayokatwa ni yako kweli. Mita za zamani za ufunguo hupokea bei mpya pale tu unapoongeza salio, kwa hiyo uliyekaa wiki sita bila kuongeza huenda mita yako ilikuwa bado na bei ya Septemba. Linganisha peni za ada kwenye kioo cha mita na zile za barua ya kampuni. Na kama ufunguo au kadi uliikuta ndani ya nyumba ulipohamia, acha kuitumia leo, kwa sababu inaweza kuwa inalipa deni la mpangaji aliyeondoka. Omba mpya kwa jina lako, piga picha ya mita siku hiyo, na dai urejeshewe kilichokatwa kimakosa. Kampuni isipokujibu vya kutosha ndani ya wiki nane, peleka lalamiko kwa Energy Ombudsman. Huduma hiyo haitozi kitu kwa mteja, na kampuni inalazimika kufuata uamuzi wake ukiukubali wewe.